Mkono wa Kushoto

Katika miaka thelathini na mitatu niliyoitumikia serikali kama tabibu nilipima presha za watu wengi mno, na karibu zote nilizipima katika mkono wa kushoto. Sikuwa na sababu yoyote ya kitaalamu. Meza yangu ilikaa upande wa dirisha, mgonjwa aliketi kwenye stuli upande wa mlango, na mkono uliokuwa karibu nami ulikuwa wa kushoto. Mazoea yakawa kanuni, na kanuni hiyo nikawarithisha wauguzi vijana waliofanya kazi chini yangu. Leo napenda kumsimulia msomaji jinsi mazoea hayo madogo yalivyokaribia kumpoteza mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, na yale niliyojifunza uzeeni juu ya ugonjwa ambao, katika muda wote wa kazi yangu, sikupata kuuandika hata mara moja katika kitabu cha wagonjwa.

Kwetu ni Ziba, katika wilaya ya Igunga, mkoa wa Tabora. Ni nchi ya mbuga na udongo mweusi, udongo unaong'ang'ania miguu wakati wa mvua na kupasuka nyufa wakati wa kiangazi. Watu wetu ni wakulima wa pamba, mpunga, mahindi na viazi, na wafugaji wa ng'ombe. Zamani Wanyamwezi walisifika kwa upagazi. Walibeba pembe na vitambaa kati ya Unyanyembe na pwani, na wengi wao walijua kupanga safari zao ili wawahi nyumbani kabla ya msimu wa kilimo. Nasema haya kwa sababu nimelelewa katika kuamini kwamba mtu wa kwetu ni mtu wa mzigo. Mwanamke wa Ziba akisema amechoka, twamtazama kwanza kama amebeba kitu.

Mwaka 2017, wakati wa kuchuma pamba, mpwa wangu alikuja nyumbani kwangu jioni moja. Alikuwa na umri wa miaka thelathini na mmoja, mama wa watoto wawili. Aliketi kwenye mkeka na mke wangu, wakazungumza habari za shamba, kisha akanigeukia.

"Mjomba," akasema, "mkono huu wa kushoto unachoka kabla mimi mwenyewe sijachoka."

Nilimwuliza maswali. Akasema kwamba akiuinua mkono kuchuma pamba, au akisuka nywele za mtoto, unauma na kuwa mzito hata aushushe apumzike. Kwa miezi kadhaa alikuwa akipata homa za jioni na kutokwa jasho usiku, na nguo zake zilikuwa zimeanza kumpwaya. Alikwisha kutibiwa malaria mara tatu na homa ya matumbo mara mbili. Nikachukua mashine yangu ya presha, ile ya mshale niliyoinunua kwa pesa yangu siku za kustaafu, nikamfunga kitambaa mkono wa kushoto. Nikasikiliza. Mshale ukashuka kutoka juu mpaka chini wala sikusikia mapigo.

Nikailaumu mashine. Mpira wake ulikuwa umechakaa, na masikio yangu nayo hayakuwa ya ujana. Kesho yake nikaazima mashine nyingine zahanati, nikampima tena mkono uleule, nikasikia mapigo ya mbali sana kwenye 80. Nilimshika kifundo cha mkono, nikakosa mapigo, nikajiambia kwamba ni wembamba wake tu.

"Presha yako imeshuka, mwanangu," nikamwambia. "Punguza kazi, ule vizuri, na usiogope chumvi."

Ndugu msomaji, ningeuvuta mkono wa kulia uliokuwa umelala pale mapajani mwake, umbali wa shubiri mbili tu, ningekuta presha ya kutisha. Badala yake nilimwongezea chumvi.

Mwezi Machi mwaka 2018 alianza kuumwa mgongo. Zaidi ya hayo, alisema kuna kitu kinachopiga tumboni kama moyo wa pili. Mumewe alidhani ni mimba, akafurahi. Mimi niliposhika tumbo lile juu kidogo ya kitovu, vidole vyangu viliinuliwa na mapigo yenye nguvu, nami nikajua kwamba hapo hapana mtoto. Kesho yake alfajiri tulikuwa ndani ya basi.

Katika hospitali tuliyofika tulipokewa na daktari kijana, msichana wa umri wa kitinda mimba wangu. Alimpima presha mkono wa kushoto, akapata 82. Akazunguka meza, akampima mkono wa kulia, akapata 190 juu ya 104. Akapima na miguu. Akaweka stetoskopu juu ya mfupa wa mtulinga, akafumba macho, akasikiliza kwa muda mrefu. Kisha akanipa nami nisikilize. Palikuwa na mvumo, kama upepo unaopita katika tundu dogo. Ndipo aliponiuliza kwa adabu, "Mzee, nyumbani alikuwa anapimwa presha na nani?"

Nikajibu, "Na mimi."

Hakusema neno lingine. Nilitamani aseme.

Picha ya altrasaundi ilionyesha kwamba aota, yaani ule mshipa mkuu unaotoa damu moyoni na kushuka nayo mpaka tumboni, ulikuwa umetuna chini ya figo mpaka upana wa sentimita 5.1. Kwa kawaida mahali pale haupiti sana sentimita 2. Kipimo cha ESR, ambacho huonyesha damu inatuama milimita ngapi katika mrija kwa saa moja, kilisoma 96; kwa mwanamke wa umri wake tungetazamia isizidi 20 hivi. Tukapelekwa mbele, Dar es Salaam, kwa madaktari bingwa wa mishipa.

Huko ndiko nilikolisikia kwa makini jina la Takayasu. Mikito Takayasu alikuwa daktari wa macho kule Kanazawa, Japani. Mwaka 1908 aliwaeleza wenzake habari za mwanamke wa miaka ishirini na mmoja ambaye mishipa ya nyuma ya macho yake ilikuwa imejisokota isivyo kawaida. Katika mkutano uleule wenzake wawili walisema nao wamewaona wagonjwa wa namna hiyo, na kwamba wagonjwa hao hawakuwa na mapigo kwenye vifundo vya mikono. Ndiyo maana wengine huuita ugonjwa usio na mapigo. Huwashika zaidi wanawake, na mara nyingi huanza kabla ya miaka arobaini. Wala si wa Wajapani peke yao. Madaktari wa Cape Town walichapisha mwaka 2005 habari za wagonjwa 272 walioonwa hospitalini kwao katika muda wa miaka hamsini hivi. Nilipolisikia hilo nilijiuliza ni mikono mingapi isiyo na mapigo iliyopita mezani kwangu, nami nikailaumu mashine.

Nitaeleza kwa lugha nyepesi jinsi ugonjwa unavyofanya kazi. Ukuta wa aota una tabaka tatu, na katika tabaka la kati zimo nyuzi zinazovutika na kurudi kila moyo unapopiga. Katika ugonjwa huu kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupigana na vijidudu, hugeuka na kuushambulia ukuta huo. Ukuta huwaka mwako wa ndani: si usaha wala kidonda, bali chembe za kinga zinazojazana na kuharibu. Mahali pengine ukuta hunenepa kwa ndani na njia ya damu huzibana; ndivyo ilivyokuwa katika mkono wa kushoto wa mpwa wangu. Mahali pengine nyuzi zile hukatika, ukuta hulegea, na mshipa hutuna kama mpira wa baiskeli uliopata udhaifu upande mmoja. Ndivyo ilivyokuwa tumboni. Na mshipa ukishatuna, kadiri unavyopanuka ndivyo ukuta wake unavyobeba mvuto mkubwa zaidi, na ndivyo unavyozidi kupanuka. Mwisho wake ni kupasuka, na ukipasuka ni wachache wanaowahi kufikishwa hospitalini.

Madaktari hawakuharakisha kusema ni Takayasu. Walipima kaswende, kwa kuwa ugonjwa huo usipotibiwa huweza kuila aota miaka mingi baadaye. Walitafuta kifua kikuu kwa bidii, kwa sababu nacho huweza kutoboa ukuta wa aota, na dawa za kutuliza kinga zikipewa mtu mwenye kifua kikuu kilichojificha ni kama kumfungulia fisi mlango wa zizi. Walipima virusi vya UKIMWI. Walimchunguza kama ana vidonda vya mara kwa mara mdomoni na sehemu za siri, dalili za ugonjwa aliouandika daktari Mturuki Hulusi Behçet mwaka 1937, ambao nao huwaka katika mishipa. Hayo yote hayakuonekana. Likabaki la Takayasu.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu.

Shemeji yangu, baba yake mgonjwa, alikuwa amekwisha kuuza ng'ombe saba mnadani. Alikuja Dar es Salaam na fedha hizo zimeshonewa ndani ya koti. Tulipoketi mbele ya daktari wa upasuaji, shemeji alisema kwa Kiswahili chake cha kuchagua maneno, "Daktari, ng'ombe wameuzwa. Kisu kiko wapi?"

Daktari akajibu, "Mzee, kisu kipo, lakini hatutakitumia sasa."

Nilimwona shemeji akinitazama mimi, kana kwamba nimemleta kwa matapeli. Na kusema kweli, hata mimi sikuelewa. Nilifundishwa kwamba uvimbe wa aota ukikaribia sentimita 5 au 5.5 hukatwa. Daktari alikubali kwamba hiyo ndiyo kawaida kwa wazee ambao mishipa yao imechakaa kwa umri, sigara na presha. Lakini huyu, akasema, mshipa wake unawaka. Tukikata sasa na kushona bomba la kitambaa katika ukuta unaowaka, uzi utashika kwa wiki kadhaa au miezi, kisha ukuta utaachia pale pale penye mshono, na damu itatengeneza uvimbe mwingine ulio mbaya kuliko huu. Katika ugonjwa wa Behçet, akasema, jambo hilo linajulikana vibaya zaidi. Mtu hukatwa pamoja na kurudi na uvimbe penye mshono. Kwa hiyo kwanza tutazima mwako kwa dawa, tutaishusha presha, tutapima kila mwezi; ESR ikitulia na kukaa imetulia, tutakata. Lakini uvimbe ukikua upesi, au maumivu ya mgongo yakizidi ghafla, au akizimia na kutokwa jasho baridi, hatutangoja. Tutaingia hata kama moto unawaka, maana hapo tunachagua kati ya mshono mbovu na kifo.

Ndugu msomaji, ni rahisi kumwelewa daktari asemaye "nakata", na ni rahisi kumwelewa asemaye "siwezi". Asemaye "nitakata, lakini si leo" ndiye mgumu kumwelewa, hasa ukiwa umeuza ng'ombe saba.

Nikakumbuka jambo la utoto. Tulipokuwa shuleni mwalimu alitupeleka Kwihara, nje ya mji wa Tabora, kulitazama tembe alilokaa Livingstone. Akatuambia kwamba Stanley alipoondoka Machi 1872, Livingstone alibaki pale mpaka Agosti akiwangoja wapagazi watakaotumwa kutoka pwani. Sisi watoto tulicheka, tukaona ni uvivu, mtu mzima kukaa miezi mitano akitazama njia. Mwalimu hakucheka. Alituuliza, "Bila wapagazi, angekwenda na nani?" Katika basi la kurudi Ziba nilikuwa na jibu, lakini mwalimu alikwisha kufariki siku nyingi.

Mpwa wangu alikaa nyumbani kwangu. Madaktari walikubali kwa sharti kwamba nimpime asubuhi na jioni, mkono wa kulia, na kila baada ya wiki nne arudi kliniki. Alikuwa na kilo 46, na kila asubuhi alimeza prednisoloni vidonge tisa vya miligramu 5. Pamoja nayo alipewa azathioprini, dawa nyingine ya kutuliza kinga inayosaidia prednisoloni ipunguzwe polepole, pamoja na dawa za presha. Alikatazwa kubeba ndoo na kutwanga. Baada ya miezi miwili homa ziliisha, hamu ya kula ikarudi, ESR ikashuka mpaka 30. Nilijisifu moyoni. Niliandika tarakimu zote katika daftari, kwa mstari ulionyoka.

Lakini prednisoloni ina bei yake. Uso wake ulijaa ukawa mviringo, ndevu chache zikamwota kidevuni, michirizi ikatokea tumboni. Usingizi ukampotea. Bombani wanawake walianza kunong'ona. Wengine walisema amelogwa, wengine walisema anameza dawa za ugonjwa ule wa kuficha. Wifi zake walimwambia mumewe kwamba huyo si mke waliyemwoa. Mimi sikuyasikia hayo, au niliyasikia nikayadharau.

Mwezi wa tano wa matibabu alianza kutapika na kulegea. Presha ya mkono wa kulia ikashuka ghafla. Nilikuwa najiandaa kutafuta gari, nikidhani mshipa umeanza kuvuja, mke wangu alipokuja na kapu la michembe. Alikuwa akitafuta michembe ya kupika; chini kabisa ya kapu alikuta vidonge vyeupe, vingi kama mbegu. Mpwa wangu alikuwa ameacha kumeza kwa wiki tatu. Kila asubuhi alivipokea mkononi mwangu, akanywa maji mbele yangu, kisha akavitema.

Tulimkimbiza hospitali ya karibu, wakamrudishia dawa kwa sindano. Mtu aliyemeza prednisoloni kwa miezi haifai aiache ghafla, kwa kuwa tezi za mwili zinazotengeneza kemikali ya namna hiyo huwa zimelala; dawa ikiondoka tezi haziamki siku hiyohiyo, na mwili hubaki bila nguvu ya kujishikilia. Alipopata nafuu nilimkaripia. Nilimwambia kwamba baba yake ameuza ng'ombe, mama yake hali halali, mimi mzee naamka alfajiri kumpima, naye anatema dawa. Alinisikiliza mpaka nikamaliza.

"Mjomba," akasema, "ninyi mnapima mkono. Uso wangu hamkuupima."

Sikuwa na jibu. Ilikuwa kweli. Nilimwambia meza, nikamhesabia, nikamwandika katika daftari. Sikupata kumweleza ni kitu gani tunakingoja. Alidhani kisu kimeahirishwa kwa sababu hakuna matumaini, na kwamba vidonge ni vya kumfariji mpaka siku yake ifike. Kama ndivyo, alijisemea, heri afe na uso wake.

Wiki iliyofuata nilimpeleka sokoni kwa fundi cherehani ninayemfahamu. Nilimwomba fundi achukue kipande cha kitambaa kilichounguzwa na pasi ya mkaa, atie kiraka pembeni kabisa mwa palipoungua. Fundi akacheka, akasema mzee, hapo hapashikiki. Alishona hata hivyo, akavuta kidogo, na uzi ukatoka na ukingo wote wa kitambaa. Kisha akakata mpaka akafika kwenye kitambaa kizima, akashona, akavuta kwa nguvu zake zote, na mshono ukashika. Nikamwambia mpwa wangu kwamba vidonge tisa vya asubuhi ndivyo vinavyoufanya ukuta wa mshipa upoe, ili fundi wa Dar es Salaam apate mahali pa kushikiza uzi; na uso utapungua dawa ikipunguzwa. Alikichukua kile kipande cha kitambaa, akakikunja, akakitia katika pindo la kanga. Tangu siku hiyo hakutema tena.

Lakini wiki tatu zile zilitugharimu. ESR ilikuwa imerudi 70, na kuishusha tena kulichukua miezi minne. Altrasaundi ya Januari 2019 ilionyesha uvimbe umefika sentimita 5.6. ESR ilikuwa 16. Daktari alisema, "Sasa tuna mahali pa kushona, na hatuna tena muda wa kungoja." Mambo mawili hayo yalikutana kwa bahati, yangeweza kupishana.

Tuliambiwa kuna njia mbili. Ya kwanza ni kufungua tumbo, kuondoa sehemu iliyotuna na kushona bomba la kitambaa mahali pake. Njia hiyo ina historia ndefu. Mwaka 1951 huko Paris, Charles Dubost aliondoa uvimbe wa aota ya tumboni akaweka mshipa uliotolewa kwa maiti. Miaka michache baadaye Michael DeBakey wa Houston alinunua kitambaa cha Dacron dukani, akashona mabomba kwa cherehani ya mkewe. Nilimsimulia mpwa wangu habari hiyo, naye akasema kumbe hata wao walianzia kwa fundi cherehani. Njia ya pili ni ile iliyoanzishwa na Juan Parodi mjini Buenos Aires mwaka 1990: bomba lililokunjwa hupitishwa katika mshipa wa paja, likafunguliwa ndani ya uvimbe bila kupasua tumbo. Njia hii ina maumivu machache, na kwa wagonjwa wa Behçet madaktari wengi huipendelea. Lakini bomba hilo hushikilia kwa kujitanua ndani ya ukuta, nalo linahitaji kutazamwa kwa picha za mara kwa mara maisha yote. Kwa mwanamke kijana anayeishi Ziba, mwenye ukuta uliokwisha kupoa, daktari alichagua kufungua.

Tulitoa damu ndugu sita. Shemeji naye alitaka kutoa, wakamkatalia kwa umri. Upasuaji ulichukua zaidi ya saa tano. Daktari alituambia baadaye kwamba alikata mpaka akafika kwenye ukuta ulioonekana mzima juu na chini, akashona, na juu ya mshono akatia vipande vidogo vya kitambaa ili uzi usikate nyama. Kipande cha ukuta kilipelekwa maabara. Jibu lilirudi na kusema kwamba palikuwa na makovu mengi na mwako kidogo. Nililisoma jibu lile mara nyingi. Ndani ya maneno hayo machache ilikuwamo miezi kumi ya kungoja.

Siku hizi mambo ni nafuu kuliko zamani. Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, iliyoanza kazi mwaka 2015 pale Muhimbili, imewapunguzia wagonjwa wengi wa moyo na mishipa safari za India. Hata hivyo taasisi haiwezi kumtibu mtu ambaye tabibu wa kijijini amemwongezea chumvi. Safari ya mgonjwa wa namna hii huanzia kwenye stuli ya zahanati, na chombo kinachohitajika pale ni kilekile tulicho nacho sote, kikihamishwa tu upande wa pili.

Mpwa wangu yu hai. Humeza kidonge kimoja cha prednisoloni asubuhi, pamoja na azathioprini, na kila mwaka hupimwa altrasaundi, kwa kuwa ugonjwa huu huweza kulala na kuamka, na mshono wa jana si dhamana ya kesho. Uso wake ulirudi. Anauza mchele, na magunia anabebewa na wanawe. Mkono wa kushoto hauna mapigo mpaka leo. Damu huufikia kwa vijishipa vidogo vilivyojitafutia njia pembeni, na kwa kazi nyepesi unamtosha. Mara moja moja huniletea mkono huo makusudi, ananiambia, "Haya, Mjomba, pima," kisha tunacheka, ingawa mimi hucheka nusu.

Wazee wenzangu hunijia asubuhi barazani kupimwa presha kabla jua halijawa kali. Hukaa, husalimu, hukunja shati na kunyoosha mkono wa kushoto, kama nilivyowazoeza mwenyewe kwa miaka mingi. Napima, naandika. Wanapoanza kuteremsha shati nawazuia.

"Bado," nawaambia. "Nipe na huo mwingine."